Nilimkimbia Daktari wa Meno, Sasa Namhonga Binti Yangu kwa Pipi

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, maana Jumapili hii kuna kikao cha familia nyumbani kwangu na mama mkwe wangu ameitwa aje kujieleza kwa kosa ambalo hakulitenda, na aliyelitenda ni mimi, na hakuna anayejua isipokuwa binti yangu wa miaka minne, ambaye namlipa ili asiseme, na malipo yenyewe ndiyo yanayomharibu, kwa hiyo unaona mwenyewe jinsi maji yalivyonifika shingoni.

Mimi ni kinyozi, lakini nakusihi ukiichapisha barua hii uandike kwamba mimi ni fundi bomba, kwa sababu gazeti lenu linafika saluni kwangu kila Ijumaa na kuna mzee mmoja ambaye hata hanyoi, kichwa chake hakina unywele wa kunyoa, ila huja kukaa kwenye benchi langu na kusoma safu yako kwa sauti, na wateja wote hunyamaza wamsikilize, na mimi mwenyewe ndiye huwa wa kwanza kuwacheka hao wanaokuandikia.

Sifa yangu kubwa kazini ni watoto. Akina mama wa mtaa mzima huniletea watoto wao wanyolewe kwa mara ya kwanza, na nina ubao ambao naupitisha juu ya mikono ya kiti ili mtoto akae juu ajione kwenye kioo, nampa mashine aishike ikiwa imezimwa, kisha naiwasha aisikie inavyonguruma kiganjani, halafu namfunga shuka shingoni na kumwambia kwa sauti ya upole, "Tulia, bwana mkubwa, ukitikisika ndiyo utaumia," na mtoto anatulia tuli na mama yake anabaki kinywa wazi. Binti yangu amekulia humo humo saluni, na maneno hayo ameyasikia tangu hajajua kutembea.

Sasa mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anampiga mswaki mtoto akaona kidoa cheusi kwenye gego la nyuma, na kwa kuwa alikuwa amezama kwenye sare za shule mpaka hamuoni mtu, akaniambia mimi ndiye nimpeleke kwa daktari wa meno. Nikakubali kwa uso mkavu, wakati tangu nizaliwe sijawahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno, na yote ninayoyajua kuhusu watu hao nimeyasikia saluni kwa wanaume wenye mashavu yaliyovimba, mmoja aliapa kwamba daktari alimwekea goti kifuani na mwingine alisema aliitwa mlinzi wa getini aje kumshika miguu.

Mshauri, kwanza niseme ukweli, chumba kile kilinivutia. Ukuta umechorwa samaki wanaopiga mswaki, na kile kiti ni ndoto ya kinyozi yeyote, kinapanda na kulala kwa kubonyeza kitufe kwa mguu, nikawa nakizunguka nakikagua nikasahau kilichonileta. Daktari ni mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akachuchumaa akasalimiana na binti yangu kabla hajanisalimia mimi, akamwambia kwamba leo hatafanyiwa kitu chochote, leo ni kuhesabu meno tu, na ili aone jinsi meno yanavyohesabiwa, Baba ataanza. Nikacheka, nikidhani ni utani. Nikajikuta nimekaa, nimefungwa kifuani kikaratasi cha kuzuia mate chenye mnyororo, na binti yangu amepandishwa kwenye kigoda, amevalishwa glavu zinazomfika kwenye viwiko, ana kioo kidogo chenye mpini mrefu mkononi.

Daktari akabonyeza kitufe, kiti kikaanza kulala, taa ikaniwakia usoni, na binti yangu akainama juu yangu akaniambia kwa sauti ya upole, "Tulia, bwana mkubwa, ukitikisika ndiyo utaumia."

Mimi kila siku nayasema maneno hayo lakini sikuwahi kuyasikia nikiwa nimelala chali. Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nilipita sebule ya wagonjwa, nikampita mlinzi, nikavuka barabara, nikatimua mbio mpaka kwenye kona ya duka la viatu, na hapo nikasimama kuhema nikahisi kuna kitu nimekisahau, nikajipapasa mifuko, funguo zipo, simu ipo, halafu nikakumbuka ni mtoto.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kile kiti changu, mdomo wazi, meno yameshahesabiwa yote, na daktari akaniambia, huku akiangalia kile kikaratasi ambacho bado kilikuwa kinaning'inia kifuani kwangu, kwamba kuna tundu kwenye gego moja, bado ni dogo, nimrudishe upesi alisafishe na kuliziba taratibu kabla halijaanza kumsumbua, na kwamba nikija safari hiyo nije nimejiandaa.

Njiani nikamnunulia binti yangu pipi ili asimwambie mama yake kwamba nilikimbia. Najua, mshauri, najua, usinipigie kelele. Nyumbani mke wangu akauliza daktari amesemaje, nikasema amesema meno ni safi, kile kidoa ni rangi tu ya chakula, na binti yangu akaniangalia huku pipi imemvimbisha shavu.

Basi tangu siku hiyo nimekuwa mtumwa. Wageni wakikaa tu sebuleni, anakuja kunisimamia gotini ananiuliza, "Baba, niwasimulie hadithi?" na mkono wake ameshaukunjua chini ya meza. Mwanzo alikuwa anapokea pipi yoyote, sasa anachagua rangi. Juzi jirani alisema tu neno "mbio", alikuwa anaongea habari za mpira, na mimi nikajikuta nimeshaingiza mkono mfukoni.

Mke wangu akaanza kuokota makaratasi ya pipi, moja ndani ya kiatu cha mtoto, mengine yamejazwa kwenye tumbo la mwanasesere, na akaamua moja kwa moja kwamba ni mama yake, kwa sababu mama mkwe tangu zamani hakosi pipi kwenye mkoba. Mama mkwe akala kiapo kwamba hajampa, akaambiwa aufungue mkoba, ukafunguliwa, na humo zikapatikana pipi za kikohozi. Akalia, mshauri, mtu mzima yule, akasema hakanyagi tena kwangu mpaka siku ya kusafishwa jina, na ndiyo maana kikao kimeitishwa na wajomba wote wanakuja, na mwenyekiti wa kikao nimechaguliwa mimi kwa kuwa ndiye nisiyeegemea upande wowote.

Ningeweza kuvumilia hata hilo, ila tangu juzi namuona binti yangu anatafuna upande mmoja. Akinywa maji ya baridi anainamisha kichwa ili yapite upande wa pili. Hajalia, hajasema kitu, na mama yake yuko kwenye mashine hajaona, nimeona mimi peke yangu na nimekosa usingizi.

Jana nikafunga saluni nikampeleka kwa siri. Tulipofika mlangoni kwa daktari nikamwambia aingie na muuguzi, mimi nitamsubiri nje kwenye ngazi. Akagoma. Akasema, "Siingii mpaka Baba aingie." Nikambembeleza kwa mbinu zangu zote za kazini, hazikufua dafu, akakaa kwenye ngazi kando yangu, akatoa pipi aliyokuwa anaimung'unya na kunitia mimi mdomoni mbele za watu, kwa dharau kabisa, na tukarudi nyumbani.

Sasa nakuuliza, mshauri, je, kuna dawa ya kusugua jino nyumbani tundu likajifunga lenyewe? Na kama hakuna, ninaye kaka yangu, tunafanana sana tukiwa tumelala, je, naweza kumtuma akakae kwenye kile kiti badala yangu, mtoto asitambue? Nijibu kabla ya Jumapili.

Ni mimi,
Fundi Bomba (kama tulivyokubaliana)

*

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu kinyozi, hatukukubaliana chochote. Nilijaribu kukuandika fundi bomba, nikakuta fundi bomba anawafunga watoto shuka na kuwanyoa nywele, mhariri akaniuliza ni mabomba gani hayo. Kwa hiyo umebaki ulivyo. Na kama hesabu zangu ziko sawa, barua hii inasomwa sasa hivi kwenye benchi lako. Mzee wangu mpenzi, shikamoo, soma polepole hapo, na usiruhusu mtu yeyote atoke na habari hii kabla mwenye saluni hajatoka.

Maana wewe unatoka sasa. Mteja aliye kwenye kiti mmalizie upande uliobaki, mashine zima, mlango funga, nenda kwa mkeo. Una muda wa kutosha kufika kabla ya umbea, kwa kuwa sote tumeshaambiwa mbio zako zilivyo. Mwambie kila kitu, ulivyokimbia, ulivyodanganya kuhusu kile kidoa, na pipi zote ulizotoa. Usianze na "unajua, mke wangu, maisha haya..." Anza na jino. Mwambie mtoto ana tundu kwenye gego, daktari alisema lizibwe, mimi nikakuficha. Atapiga kelele, na kelele hizo ni haki yake, zisikilize mpaka mwisho. Yaliyobaki mtayacheka wote wawili, pengine mwaka ujao.

Kutoka hapo nenda kwa mama mkwe kwa miguu yako, usimpigie simu, wala usimngoje kwenye kikao ambacho eti wewe ni mwenyekiti. Uso wako huo mkavu ungeweza kunolea shoka! Mama wa watu amefunguliwa mkoba mbele ya mwanawe kwa ajili ya kikohozi chake, na wewe umekaa umekunja mikono kama hakimu. Umwombe radhi ukiwa umesimama. Akikukaribisha chai, kunywa hata kama ni ya moto.

Sasa tuje kwenye jino, maana nilikuwa nacheka mpaka machozi nikafika pale mtoto anapoinamisha kichwa ili maji yapite upande wa pili, na kicheko kikaniishia. Baba mzima umeliona hilo, ukanyamaza, ukaniandikia kuuliza dawa ya kusugua. Hakuna dawa ya kusugua. Tundu la jino halijifungi lenyewe, linakwenda ndani, na likifika ndani hatakuwa anainamisha kichwa tena, atakuwa analia na shavu limevimba, na safari hiyo ndiyo itakayokuwa ngumu kweli kwake. Na usije ukaniambia ni meno ya utotoni tu, yatang'oka. Yatang'oka, lakini magego yale anayatafunia miaka mingi bado, na ndiyo yanayoyashikia nafasi meno ya ukubwani yatakayoota chini yake.

Huyo daktari uliyemkimbia, kinyozi wangu, ni hazina. Alichuchumaa akamsalimia mtoto kwanza, akampa kioo akishike, siku ya kwanza akahesabu tu asifanye kingine. Hivyo ndivyo unavyofanya wewe na ubao wako na mashine iliyozimwa, ila yeye ana kiti kizuri zaidi. Kitu kimoja tu mnatofautiana, naye yuko sahihi. Hamwambii mtoto "ukitikisika ndiyo utaumia." Ulisikia mwenyewe maneno hayo yanavyoingia ukiwa umelala chali na taa usoni. Miaka yote ulidhani watoto wanatulia kwa upole wa sauti yako, kumbe walikuwa wameganda kwa woga. Yaache, hata huko saluni. Mwambie mtoto kitakachotokea kwa maneno mafupi ya kweli, kwamba daktari ataangalia, atasafisha, na yeye atasikia kitu kinanguruma kidogo na maji yanamwagika mdomoni, na akitaka kupumzika ainue mkono. Usimwapie kwamba hatasikia kitu kabisa, na neno "usiogope" liache nyumbani, kwa sababu mtoto akilisikia huanza kutafuta cha kuogopa. Na zile hadithi za magoti kifuani na walinzi wa getini zipigwe marufuku akiwa karibu. Hao wenye mashavu yaliyovimba walisubiri mpaka wakavimba, ndiyo maana wakapata hadithi za kusimulia.

Mpeleke asubuhi, akiwa amelala vizuri na amekula, asiwe amechoka na uchovu wa siku nzima ukamalizikia kwenye kiti cha daktari. Jino likishazibwa, muulize daktari arudi lini kuangaliwa. Wengi huwataka watoto warudi kila baada ya miezi sita au hivi, hata kama hakuna kinachouma, na hasa kama hakuna kinachouma, ili azoee kwamba pale ni mahali pa kuhesabiwa meno na kupewa kioo.

Mswaki ni asubuhi na usiku kabla ya kulala, na dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya njegere, usimjazie kama mnavyoona kwenye matangazo. Mtoto wa miaka minne hawezi kusugua magego ya nyuma peke yake. Mwache aanze yeye ajione mkubwa, kisha mmalizie wewe, tena wewe na si mkeo, mpaka atakapofika kama miaka saba au minane. Mkono wako umezoea kupita kwenye kona za masikio ya watoto bila kuwakwangua, gego la nyuma halitakushinda. Baada ya mswaki wa usiku ni maji matupu.

Hongo imekwisha leo. Hana tena cha kukuuzia, kwa kuwa mtaa mzima umeshasoma. Pipi ikibidi aipate baada ya chakula, siku moja moja, isiwe ya kumung'unywa kutwa nzima wageni wakiwa sebuleni. Atakasirika, atakunja uso, atakukumbusha zile alizokuwa anachagua rangi. Vumilia. Na ile hadithi mwache aisimulie kwa kila mgeni anayeingia, na wewe uwepo pale umalizie sehemu ya duka la viatu, maana anayeijua vizuri ni wewe.

Kuhusu kaka yako, hapana. Nimesoma mengi kwenye kazi hii, lakini mtu kutaka kumkodi ndugu yake akamlalie kwenye kiti cha daktari, hilo ni jipya, na nimelikata likabandikwa ukutani ofisini.

Sikulaumu kwa kuogopa. Watu wazima wengi wanaogopa kiti hicho, hata mimi nina siku zangu za kupiga moyo konde. Lakini kuna jambo uliandika bila kuliona, na limenifanya nikujibu wewe wiki hii badala ya mama mmoja aliyeniandikia kuhusu kesi ya ukuta na jirani yake. Umesema binti yako aligoma mlangoni kwa ukaidi, na pipi aliyokutia mdomoni ni dharau. Ndugu yangu, huyo mtoto alikaa kwenye kile kiti peke yake, baba yake ameshatoka nduki, akafungua mdomo akahesabiwa meno yote bila kutoa chozi. Yeye hana tatizo na daktari. Siku ile kwenye zile ngazi aliona mtu mmoja tu anayetetemeka, akakaa karibu naye, na kwa kuwa nyumbani kwenu mambo yakiharibika dawa yake imekuwa pipi, akatoa aliyokuwa nayo akakupa.

Anatafuna upande mmoja, anaumwa, na bado hakutaka kuingia kwenda kutibiwa akuache wewe nje peke yako na woga wako. Piga simu kwa daktari kesho mlango ukifunguliwa, uombe nafasi ya watu wawili. Ukifika, panda kwenye kiti kwanza, lala, fungua mdomo, na mpe binti yako kioo.